Uvimbe wa Saa ya Chakula

Ninyi mnaokalia sasa kiti cha upimaji pale mashineni, na kile kimashine chenu cha kusoma unyevu mkononi, nawasikia mnavyocheka. Mnasema sisi wa zamani tulikuwa tunatafuna mpunga kama mbuzi. Ni kweli, tulitafuna. Mimi nimetafuna mpunga wa bonde hili miaka ishirini na saba, wa Malinyi, wa Mlimba, wa huku huku Ifakara, na nimestaafu mwaka jana kwa kutaka mwenyewe. Hilo la kutaka mwenyewe lishikeni vizuri, maana kuna watu walikuwa wameshanizika.

Mzee Mponda, mwenye mashine, ndiye aliyeniambia, "Mama Deo, waandikie vijana namna ya kuujua mpunga, usiondoke na ujuzi wote kichwani." Basi ninaandika. Lakini mpunga wangu na kansa yangu vilipita mdomo mmoja, sijui kuvitenganisha. Na walioniumiza nitawataja kwa majina. Niliishia darasa la nne, sikufika huko wanakofundishwa kusema kwa kuzunguka.

Wa kwanza ni Bibi Sabina, Mungu amrehemu. Ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyenipa sumu, vyote kwa mkono mmoja.

Nilipoanza nilikuwa mpembuaji, tunapepeta chenga uani na akina mama wenzangu. Bibi Sabina alikuwa mpimaji. Mndamba mmoja mfupi, mkali, anayekaa mlangoni mwa ghala kama askari. Mkulima akishusha magunia, bibi anachukua punje, anaibana kwa meno ya mbele. Ikilia *ka!* ni kavu. Ikibonyea bila kulia ni mbichi, irudi juani. Halafu anaimenya nyingine, anaitafuna ile punje ya mchele taratibu huku macho ameyafumba, anaisambaza kwenye ulimi. Hapo ndipo anapojua kama ni supa kweli, ule mpunga wa kunukia, au umechanganywa, na kama mpunga ulichemka.

Kuchemka mnakujua? Mpunga ukirundikwa ungali mbichi, unapata joto lenyewe ndani ya gunia. Mkulima akishtuka anautoa, anauanika upya, unakauka vizuri kabisa. Kwa macho hauna neno. Ukiukoboa, mchele unatoka wa njano, unavunjika, na wali wake unanuka jasho. Kimashine chenu kitawaambia ni mkavu, na hakidanganyi, ni mkavu kweli. Ila hakijui ulipitia nini kabla ya kukauka. Ulimi unajua. Kuna ukali fulani unakuja mwishoni, nyuma ya ulimi, kama togwa ya jana. Lakini ukali huo hauji kwenye ulimi mkavu. Bila mate, mchele ni changarawe tu.

Siku ya kwanza bibi aliponiachia kiti, alikwenda msibani Kibaoni. Akaja bwana mmoja na magunia kumi na mawili, mpole, ananiita "mwalimu". Mimi kusikia "mwalimu" kichwa kikavimba. Nikafungua midomo ya magunia, nikang'ata, *ka! ka! ka!*, nikapitisha yote. Bibi aliporudi alichukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia tumboni na chini. Zikatoka punje zimeloa kama zimetoka kuoga.

"Mwalimu," akaniambia mbele ya wapagazi wote, "leo umefundishwa wewe."

Tangu siku hiyo akanilazimisha nipime kila gunia mara tatu: juu, kati na chini. Juu ndipo muuzaji anapoweka uso wake mzuri. Nikipima mara mbili ananipiga kofi la kisogo. Mimi mtu mzima, nina mtoto, napigwa kisogo! Lakini mkono ulizoea, mpaka nyumbani nikawa napima sukari juu, kati na chini.

Sasa sumu. Ile mashine ya zamani ilikuwa inatema vumbi la pumba mpaka huoni mtu wa mbele yako. Bibi Sabina alikuwa na ugoro. Anauchota kwa vidole viwili, anauweka chini ya ulimi upande wa kushoto, kulia ameacha kwa ajili ya kupimia. "Weka," akaniambia. "Unashika vumbi lisiende kifuani. Wapimaji wote wanaweka." Na kweli wote waliweka. Ilikuwa ndiyo desturi ya kiti kile, ukikikalia unapewa bambo na kibati cha ugoro. Mimi nikaweka miaka kumi na tisa, kushoto, chini ya ulimi, pale pale alipoonyesha. Bibi mwenyewe alikufa kwa uzee, kinywa kizima. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Kikaja kidonda. Kidogo, cheupe pembeni na chekundu katikati, chini ya ulimi, kushoto. Hakiumi. Kingeuma ningekimbia. Nikaenda kwa Sudi, yule mwenye genge la dawa sokoni, anayejiita daktari kwa sababu ana koti jeupe. Akanichungulia kwa tochi ya simu, akasema, "Hii ni homa ya kinywa, dada, damu yako ina moto." Akanipa unga wa kupaka. Nikapaka miezi mitano. Kila nikirudi anasema, "Unakaribia kupona." Sudi, kama unasomewa haya, ujue nilikuwa nakaribia kufa.

Aliyeniokoa ni jino. Lilianza kulegea, nikaenda hospitali kung'oa, na yule tabibu wa meno, binti mdogo tu, akaacha koleo mezani. "Mama, jino hili lisubiri. Hiki kidonda kina muda gani?" Nilipomwambia miezi, hakucheka. Wakakata kipande wakapima, na wiki chache baadaye nikawa kwenye basi naelekea hospitali kubwa ya Dar es Salaam na shangazi yangu pembeni anasali rozari bila kupumzika tangu Mikumi.

Nisiwatishe na operesheni. Nililala, niliamka, nina mshono kutoka chini ya sikio mpaka kidevuni. Wameondoa kidonda na sakafu ya kinywa upande ule, na shingoni wameondoa matezi ya kushoto. Daktari aliyenipasua aliitwa Daktari Upendo, mwanamke mrefu anayeongea polepole kama anapima dawa. Siku ya kuniruhusu alichora kwenye karatasi uso wa mtu, mbaya kama wa mtoto wa chekechea, akanionyesha.

"Mama, mate hayatoki hewani. Yanatoka kwenye tezi. Mbili kubwa ziko hapa mbele ya masikio, hizo zinafanya kazi unapotafuna. Mbili ziko chini ya taya, hizo ndizo zinazokulowesha kinywa ukiwa umetulia tu, huli kitu. Ya kushoto ya chini ya taya tumeitoa, ilikuwa kwenye njia ya ugonjwa. Ya kulia ipo, lakini mrija wake unatokea mbele chini ya ulimi, karibu na tulipokata. Kwa hiyo kinywa kitakuwa kikavu. Kunywa maji mara kwa mara. Na ukiona kitu chochote kipya shingoni, usikae nacho, njoo."

"Kazi yangu ni kuonja mpunga," nikamwambia.

Akaikunja ile karatasi, akanipa. "Basi kazi yako itakuambia mambo kabla yangu."

Nilirudi mashineni baada ya miezi mitano. Kiti changu nilikikuta kimekaliwa na Chelestino. Huyu nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mpagazi, nikamtoa kwenye kubeba, nikamfundisha kung'ata. Akainuka, akanipangusia kiti kwa shati lake. "Karibu dada, kiti chako hiki, mimi nilikuwa nakushikia tu." Maneno matamu. Nikakaa.

Nilikaa juma moja tu nikaharibu. Alikuja Masanja, Msukuma wa kule Malinyi, mfugaji anayelima heka nyingi. Mpunga mwingi, umekauka, unalia *ka!* vizuri. Nikatafuna. Sikusikia kitu. Si kibaya wala kizuri. Ulimi ulikuwa kama kipande cha gunia. Ningesema, "Jamani, sisikii." Aibu ikanikaba. Nikasema, "Safi, pandisha."

Ukatoka wa njano. Wote. Wapembuaji wakaacha ungo wakasogea kuangalia, kama kwenye ajali. Na Chelestino akasema, kwa sauti ya kunionea huruma, "Mimi niliuonja pale pembeni nikausikia. Niliogopa kumkosea heshima dada."

Yaani aliujua! Akasubiri uingie kwenye mashine ndipo aseme.

Mzee Mponda hakunipigia kelele. Alisema, "Mama Deo, nakupa mpaka katikati ya msimu. Mdomo ukigoma, nitakutafutia kazi nyingine." Kazi nyingine ni kufagia pumba, sote tunajua.

Basi nikaanza kujifunza upya, na hapa ndipo penye ujuzi, vijana, sikilizeni. Nilikumbuka ule mchoro wa Daktari Upendo. Tezi za chini ya taya ndizo zinazolowesha kinywa kilichotulia. Za kwangu moja haipo na nyingine inasuasua. Lakini za masikioni zipo zote mbili, na hizo zinaamshwa na kutafuna. Mimi nilikuwa nakaa kimya, halafu ghafla natia punje kinywani. Ni kama kukoboa mashine haijawashwa. Nikaanza kutafuna kwanza. Kipande cha muhogo mbichi, au mzizi wa muwa usio na utamu, dakika moja. Nasikia mate mepesi yanashuka kutoka mashavuni. Nasukutua kwa maji, natema, nangoja kidogo, ndipo naweka punje. Siku ya kumi na kitu, nyuma ya ulimi, nikausikia ule ukali wa togwa ya jana. Mbali sana, lakini upo. Nililia pale pale kitini. Mkulima akadhani mpunga wake ndio ulioniliza, akaanza kujitetea.

Ningekuwa nimemaliza hapo, lakini ile tezi ya kulia ikaja na lake.

Mchana pale mashineni tunakula pamoja, mnajua, kwenye benchi nyuma ya ghala, kutoka kwa mama lishe. Siku hiyo ni ugali na perege wa kukaanga na limao. Nimekula matonge matatu nikasikia shingo inabana, chini ya taya, kulia. Kama mtu amepachika yai. Nikaendelea kula. Chelestino ndiye aliyeona.

"Dada. Shingo."

Wote wakageuka.

"Imetoka upande wa pili," akasema, sasa anaongea na wenzake, mimi sipo. "Hiyo ndiyo tabia yake. Ukiikata huku inahamia kule. Shemeji yangu alikuwa hivyo hivyo, hakumaliza mwezi."

Mama mmoja mpembuaji akausogeza mtungi wa maji mbali na kikombe changu. Polepole, asionekane. Nilimwona. Namhifadhia jina lake kwa sababu alikuja kuniomba radhi, Chelestino hakuja.

Kesho yake mchana, tena. Keshokutwa, tena. Kila wakiangalia wanaikuta. Wakaanza kuja hata wasiokula pale, wanapita "kusalimia" saa ya chakula, shikamoo mama, macho yote shingoni. Chelestino akaenda ofisini. Mzee Mponda akaniita. Hakuweza kuniangalia usoni.

"Mama Deo, nenda nyumbani ukapumzike na wanao. Kiti nitampa Chelestino moja kwa moja. Mimi sitaki ufie kwenye vumbi langu."

"Mzee, umeniona nikipima asubuhi?"

"Asubuhi sikukuona kabisa."

"Basi."

Nikaondoka. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilifika nyumbani nikajilaza kifudifudi kama mtoto aliyechapwa, nikawapangia wanangu nani achukue godoro na nani achukue cherehani. Niliamini. Mtu uliyemfundisha mwenyewe kung'ata punje anakuambia umekufa, na ghala zima linaitikia, unaamini.

Akili ilinijia alfajiri, nachota maji bombani. Nikajishika shingo bila kufikiri. Hakuna kitu. Laini. Nikaweka ndoo chini. Nikashika tena, nikabonyeza kwa ndani, nikatafuta lile yai. Halipo.

Nikajiambia, Kandida, hawa wanakupima wapi? Wanakupima juu ya gunia tu. Kila siku saa saba, sehemu moja, halafu wanapiga kelele. Hata wewe umejipima hapo hapo walipopima wao. Bibi Sabina angekuwepo ungepigwa kofi la kisogo.

Nikajipima kama mpunga. Siku saba. Kabla ya kula, wakati wa kula, na baada ya kula, nikihesabu mpaka nimalize kuosha vyombo na kufagia uwanja. Kabla ya kula: hakuna. Nikila: linakuja, na kadiri chakula kilivyo kikali ndivyo linavyokuja haraka. Uji wa chumvi, linakuja dogo. Embe bichi, linatoka hata sijameza. Siku moja nilikuwa nakata tu limao, sijalamba, nikalisikia linanyanyuka! Baada ya kula: linashuka, na nikikaribia kumaliza kufagia limekwisha. Siku ya saba nikajaribu na jambo lingine, nikafunga hadi jioni. Kutwa nzima shingo ilikuwa kama ya binti.

Niliandika yote kwenye daftari la mwanangu, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, nikapanda basi na lile daftari.

Daktari Upendo alisoma lote. Ukurasa mmoja, wa pili. Kisha akachukua limao kutoka kwenye chakula chake, akanipa kipande. "Lamba, mama." Nikalamba. Uvimbe ukaja mbele yake kama umeitwa kwa jina. Akaushika, akanipaka yale mafuta ya baridi, akanipima kwa kile kipimo cha picha, akaninong'oneza kana kwamba kuna anayesikiliza:

"Mama Kandida, kansa haina ratiba ya chakula."

Akanigeuzia kioo cha kile kipimo nione. Mrija wa mate, umetanuka kama mfereji uliozibwa mbele. Kovu la operesheni limeubana mdomo wake. Ukila, tezi inatengeneza mate, mate hayapati njia, tezi inavimba. Ukimaliza, yanapenya kidogo kidogo, inanywea. "Hii tezi haijaugua," akasema. "Inafanya kazi, imefungiwa mlango."

Hata hivyo hakuchukulia kirahisi. Alichoma sindano akatoa kidogo wakapime, maana alisema mtu aliyewahi kuugua hapimwi kwa macho. Niliyasubiri majibu siku tisa huko huko Dar. Yalipotoka hakukuwa na kansa. Akanipangia siku ya kurudi kuufungua ule mrija, jambo dogo, ganzi tu, na kwa wakati huo akanifundisha kukamua: vidole viwili, kuanzia nyuma chini ya pembe ya taya, kusukuma kuja mbele kuelekea kidevuni, taratibu, baada ya kupasha kwa kitambaa cha moto. Akanikamua mwenyewe mara ya kwanza. Mate yakaruka chini ya ulimi kama bomba limefunguliwa. Ya chumvi chumvi, mengi. Nilikuwa sijaonja mate yangu mengi hivyo tangu niache ugoro. Nikacheka mpaka nesi akafungua mlango.

"Rudi kazini," akaniambia Daktari.

Kurudi kwenyewe sasa. Mzee Mponda aliishika ile karatasi ya majibu kwa mikono miwili, akaigeuza. Chelestino akaichungulia begani kwake. "Maandishi ya kidaktari hayo, nani anayaelewa? Karatasi inaweza kusema lolote. Shingo ndiyo hiyo tuliyoiona kila siku."

"Mliiona saa ngapi?" nikauliza.

"Mchana."

"Leo mtaiona mchana wote."

Saa saba niliagiza ugali na perege, na limao zima. Nikakaa katikati ya benchi. Kabla sijagusa chakula nikamwita Chelestino.

"Njoo ushike."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mpimaji wa hapa. Shika. Juu."

Wakacheka. Akashika kwa ncha za vidole kama anashika chura. Nikamuuliza, "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema.

"Sema kwa sauti, mama lishe hasikii."

"Hakuna kitu!"

Nikakamulia limao kwenye samaki, nikala. Sikukimbia. Nilikula kama bibi harusi, tonge dogo dogo, watu wamesimama. Uvimbe ukaja. Nikasikia minong'ono, na wapembuaji wawili wakafanya ishara ya msalaba. "Chelestino, shika. Kati."

Akashika. "Lipo. Jamani lipo, si nilisema?"

"Usitoe mkono." Nikamkamata vidole vyake viwili, nikavipeleka nyuma chini ya pembe ya taya yangu. "Sukuma kuja mbele. Taratibu, si gunia hilo. Hivyo. Tena."

Nikafungua kinywa ili kila mtu aone. Mate yakaruka. Yakafika kwenye mkono wa shati lake. Chelestino akaruka nyuma akaangusha bakuli la kachumbari, na ghala zima likaangua kicheko, wapagazi wanapigana mabega, mama lishe amekaa chini kabisa. Nilimfuata pale alipo. "Shika ya tatu, usikimbie! Bado chini!" Akashika, akiwa amegeuza uso. Lilikuwa limebaki kama punje ya harage, na vidole vyake vilijua.

"Limekwenda wapi?" akauliza. Aliuliza kweli, si kwa kejeli.

"Limo kwenye shati lako."

Mzee Mponda alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi muda wote ule. Hakucheka. Alisema, "Sawa, shingo nimeelewa. Na ulimi?"

Ni swali la haki. Siku hiyo Masanja alikuwa ameshusha magunia arobaini, na Chelestino alishayapitisha asubuhi kwa kimashine, maana kimashine cha kwanza kilikuwa kimenunuliwa majuzi. Yote kavu. Nikatafuna kipande cha muhogo, nikajikamua, nikasukutua, nikangoja. Kinywa kilikuwa kimelowa kama zamani. Nikachoma bambo. Juu, nikatafuna: supa safi, tamu. Kati: safi. Chini nikatafuna na kufumba macho.

Ile togwa ya jana ikaja, safari hii haikuja kwa mbali. Ilikuja imevaa viatu.

"Limechemka chini. Limeanikwa upya likafunikwa kwa mpunga mzuri."

"Mayo!" Masanja akapiga kelele. "Mama yangu, kimashine kimesema kavu!"

"Kavu ni kavu, baba. Nimesema limechemka."

Wakamenya punje za chini kwa mkono, wakazimwaga kwenye ungo mweusi. Za njano. Masanja akazitazama, akanitazama, akaanza kucheka taratibu, cheko la mtu aliyekamatwa na mtu anayemheshimu. "Walisema yule mama wa mdomo amekufa," akasema. "Ndiyo maana nikaleta."

Mzee Mponda hakutoa hotuba. Alimwangalia Chelestino, akaonyesha kiti kwa kidevu. Chelestino akasimama, akakipangusa kwa shati lake, ule mkono mkavu.

Nilikaa pale misimu mingine saba. Mrija ulifunguliwa, uvimbe sasa unakuja mara moja moja nikila ukwaju, nauona kama jamaa anayepita kusalimia. Ugoro nilipiga marufuku kuanzia mlangoni, ninyi mnaovaa vitambaa vya pua mnajua vilianzia wapi. Na kila Jumatatu nilikuwa nawafungulisha vinywa na kuwamulika chini ya ulimi, mnanuna, mnaniita bibi afya. Endeleeni kufanya hata kama sipo. Kidonda kisichouma kikizidi wiki mbili, usimpelekee Sudi.

Lakini ile siku ya kwanza niliporudi kitini, magunia ya Masanja yakiwa yanarudishwa kwenye trekta, Chelestino alikuwa amesimama pembeni yangu, kichwa chini, bambo mkononi. Foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani.

"Dada," akasema, "umenisamehe?"

Nilimwangalia. Mdomo wangu ulikuwa umejaa mate, mengi tu, ya kwangu mwenyewe. Nikameza.

"Bado," nikamwambia. "Lete gunia linalofuata."